Siri ya Mtungi Aijuaye Kata: Vijana Washike Mizani ya Ulinzi wa Watoto

Katika jiji la Kampala si jambo geni kuona kitambaa kikubwa kimetundikwa kando ya barabara kutangaza juma la kupinga ukatili dhidi ya watoto. Mikutano hufanywa, wageni wa heshima hutoa hotuba, vijana huimba na kucheza ngoma, fulana hugawiwa, na jioni kila mtu hurudi kwake. Mwisho wa mwaka taarifa huandikwa kwamba mikutano kadha imefanyika, vijana kadha wamehudhuria na fedha kadha zimetumika. Lakini swali moja aghalabu hukosa jibu katika taarifa hizo, nalo ndilo lililo kubwa kuliko yote: Je, mtoto aliyekuwa akipigwa, akitukanwa au akichezewa vibaya mwaka jana, mwaka huu anaishi kwa amani?

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa nje mtungi huonekana mzuri, umepambwa na kusimama wima. Lakini kata ndiyo iingiayo ndani, ikajua kama maji ni mengi au machache, masafi au yenye tope. Katika kazi ya kuwalinda watoto, kata ni mtoto mwenyewe pamoja na kijana aliyeutoka utoto juzi tu. Mzee wa mtaa, mwalimu mkuu, afisa wa serikali na mfadhili huutazama mtungi kwa nje. Kwa hiyo, mpango wowote wa kuwalinda watoto usiowapa vijana nafasi ya kuupima, hauna budi kutiliwa shaka, hata kama taarifa yake imepigwa chapa vizuri namna gani.

Jambo hili linawahusu hasa wasomaji wetu walio askari wa jeshi na wa polisi, na jamaa zao. Linawahusu kwa sababu mbili. Kwanza, askari ndiye afikiwaye na mtoto aliyedhulumiwa. Pili, askari naye ni mzazi, na watoto wake hukulia katika nyumba zilizobanana za kambini, mahali ambapo mkosaji huenda akawa jirani, na pengine akawa mkubwa wa cheo kumpita baba wa mtoto.

SHERIA ZIPO

Hapana mtu awezaye kusema kwamba Uganda imekosa sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa mwaka 1989, na Uganda ikauridhia mwaka uliofuata, 1990. Kifungu cha 12 cha mkataba huo chasema kwamba mtoto awezaye kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yamhusuyo, na maoni hayo yapewe uzito kwa kadiri ya umri na upevu wake. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ina kifungu kizima, cha 34, kihusucho haki za watoto. Mwaka 1996 ikatungwa Sheria ya Watoto, iliyomtaka kila mlezi amkinge mtoto na ubaguzi, ukatili, unyanyasaji na kutelekezwa. Tena makamu wa mwenyekiti wa halmashauri ya mtaa, tangu ngazi ya chini kabisa, amepewa kazi ya kuwa katibu wa mambo ya watoto.

Mwaka 2006 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kukataza viboko shuleni, na mwaka 2016 Bunge likaifanyia marekebisho Sheria ya Watoto, hata adhabu ya viboko shuleni ikawa marufuku kisheria. Jeshi la Polisi lina idara yake ya ulinzi wa watoto na familia. Tena ipo simu ya bure, namba 116, iliyo chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, nayo imepewa jina la Kiswahili: Sauti.

Pamoja na hayo yote, uchunguzi wa taifa zima uliofanywa mwaka 2015 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2018 ulionyesha hali ya kusikitisha. Vijana wa miaka 18 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Wanawake 35 katika kila 100 walisema walitendewa ukatili wa kijinsia utotoni, na wanaume 17 katika kila 100 walisema vivyo hivyo. Kuhusu kupigwa na kuumizwa mwili, walikuwa wanawake 59 na wanaume 68 katika kila 100. Katika taarifa za polisi nako, kesi za kunajisi watoto zilizoripotiwa kati ya 2019 na 2022 zilizidi 12,000 kila mwaka. Hizo ni zile tu zilizofika kituoni.

Ni wazi basi kwamba umbali kati ya sheria iliyoandikwa na mtoto aliyelala ni mrefu. Atakayetuonyesha jinsi ulivyo mrefu ni yule aliye upande wa pili.

WATOTO WALIPOULIZWA

Kwa miaka mingi watu wazima wa Uganda, kama walivyo watu wazima wa nchi nyingine, walijadili malezi bila kuwauliza wanaolelewa. Mwaka 2005 shirika la Raising Voices, lenye makao yake Kampala, lilitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa na Bwana Dipak Naker katika wilaya tano. Watoto 1,406 na watu wazima 1,093 waliulizwa. Watoto 98 katika kila 100 walisema wamepata kutendewa ukatili wa mwili au wa moyo, yaani kupigwa, kutishwa, kutukanwa au kudhalilishwa.

Wazazi wengi hawakuona kwamba hayo ni ukatili. Waliyaita adabu. Hapo ndipo methali hutumiwa vibaya. Mara nyingi tumesikia mtu akijitetea kwa kusema kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Ni kweli, lakini methali hiyo haikusema mtoto alizwe kwa fimbo. Mtoto hulia akinyimwa asichostahili, hulia akiamrishwa kumaliza kazi yake, na hulia akiambiwa aombe radhi. Mzazi asiyeyachelea machozi hayo amelea vema bila kuinua mkono. Askari anajua jambo hili kuliko raia. Nidhamu ya kikosi huletwa na mazoezi, mfano wa mkubwa, na amri iliyo wazi isiyobadilikabadilika. Kikosi kinachoendeshwa kwa vitisho pekee hukimbia siku ya mapambano.

MIZANI YA LUWERO

Kutokana na yale watoto waliyoyasema, shirika hilo lilitunga mpango wa shule za msingi wenye hatua sita. Msingi wake ni kwamba shule haiwezi kubadilika kwa amri kutoka juu tu. Wanafunzi, walimu, wakuu wa shule na wazazi hawana budi kushiriki. Wanafunzi huunda kamati zao. Huwa na baraza lao la kusikiliza makosa madogo ya wenzao. Huweka sanduku la maoni. Hushirikiana na walimu kutunga kanuni za shule na adhabu zisizo za viboko. Huchora picha na maneno ya mafunzo katika kuta za shule.

Mambo haya si mageni. Shule nyingi zina kamati na masanduku. Lililo geni ni kwamba wenye mpango walikubali upimwe kwa mizani kali. Mahali palipochaguliwa ni wilaya ya Luwero, kaskazini ya Kampala. Wasomaji wetu wengi wanaijua wilaya hiyo kwa ajili ya kambi ya Bombo, na kwa ajili ya vita vya miaka ya 1981 hadi 1986. Watafiti wa Chuo cha Afya na Tiba za Nchi za Joto cha London, wakiongozwa na Bibi Karen Devries, walishirikiana na wenzao wa Uganda kuchagua shule 42 za msingi. Mwezi Juni 2012 wanafunzi wakaulizwa hali zao. Kisha shule zikagawanywa kwa bahati nasibu: 21 zianze mpango mara moja, na 21 zingoje zamu yao. Baada ya miezi 18 ya kazi, katikati ya mwaka 2014, watafiti wakarudi kuuliza tena.

Yafaa msomaji aangalie vema namna walivyouliza. Hawakumwuliza mwalimu mkuu kama viboko vimekoma, wala hawakuhesabu semina. Walimketisha mwanafunzi wa darasa la tano, la sita au la saba faraghani, wakamwuliza kama katika muda wa juma moja lililopita kuna mtu mzima wa shule aliyempiga au kumwumiza. Swali lilikuwa fupi, na muda wake ulikuwa wa karibu, usiosahaulika.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Katika shule zilizongoja, wanafunzi 924 kati ya 1,899 walisema wamepigwa katika juma hilo, yaani 49 katika kila 100. Katika shule zilizofuata mpango, waliosema hivyo walikuwa 595 kati ya 1,921, yaani 31 katika kila 100. Wanafunzi wa shule hizo walijiona pia kuwa salama zaidi shuleni.

Watafiti hawakuficha upande wa pili. Mpango haukuonyesha mabadiliko katika alama za masomo, wala katika magonjwa ya moyo na mawazo. Aidha, watoto 31 katika kila 100 kupigwa ndani ya juma moja si jambo la kujivunia. Lakini tofauti ya 49 na 31 ni tofauti ya kweli, iliyosemwa na watoto wenyewe. Tena wale waliohofu kwamba fimbo ikiondoka masomo yataanguka walipata jibu lao: hayakuanguka.

WALIOSEMA WAKAKOSA MSIKILIZAJI

Katika uchunguzi huo huo limo jambo ambalo kila askari angepaswa kulisoma mara mbili. Watafiti waliona mapema kwamba mtoto akiulizwa habari za mateso, baadhi watafichua mambo mazito yatakiwayo kushughulikiwa mara moja. Hivyo walipanga na wenye madaraka wa wilaya kwamba watoto wa namna hiyo wapelekwe kwao wapate msaada. Katika uchunguzi wa 2012 watoto waliohojiwa walikuwa 3,706. Kati yao, 529 walifichua mambo yaliyolazimu wapelekwe kwa wahusika.

Ilipofuatiliwa yaliyowapata baadaye, ilionekana kwamba ni watoto 20 tu kati ya hao 529 walioshughulikiwa kwa kiwango cha kuridhisha, yaani hatua ifaayo kuchukuliwa, kwa wakati ufaao, na kuandikwa vizuri. Ni chini ya wanne katika kila 100.

Ndugu msomaji, pima mwenyewe uzito wa jambo hili. Mtoto amejikaza, ameshinda hofu na aibu, amemweleza mtu mgeni jambo ambalo pengine hajapata kumweleza mama yake. Halafu inakuwa kimya. Jalada limelala, gari halina mafuta, ofisa amehamishwa, mkosaji amewaona wazee. Mtoto huyo amejifunza kwamba kusema hakuna faida, na mwenzake aliyemtazama amejifunza vivyo hivyo.

Hii ndiyo hatari kubwa ya kuwashirikisha vijana kwa maneno matupu. Kijana aliyeitwa kusema, akasema, asijibiwe, huwa amedhulumiwa mara ya pili. Afadhali asiitwe kabisa. Ndiyo maana ushiriki wa vijana na wajibu wa polisi ni mambo mawili yasiyotengana: sauti ya kijana ni mbiu, na mbiu ya mgambo ikilia hapana budi mtu atoke nyumbani.

VIJANA WAKIWA WAPIMAJI

Hadi hapa tumemwona mtoto akiulizwa. Lakini je, kijana aweza naye kuwa mwulizaji? Mifano ipo, hata miongoni mwa wale ambao jamii huwadharau.

Kampala yenyewe ina mfano wa M-Lisada. Mwaka 1996 watoto wachache waliokuwa wakiishi mitaani walianzisha wenyewe kikundi cha bendi ya matarumbeta, wakapata riziki kwa kupiga muziki. Kikundi kikakua kikawa makao ya kuwahifadhi watoto wengine wa mitaani na kuwarudisha shuleni. Hapo walindwa ndio waliogeuka walinzi.

Katika Kongo ya mashariki, mjini Bukavu, vijana wa mitaani walikwenda hatua zaidi. Kati ya 2012 na 2016 ulifanyika utafiti wa maisha ya vijana wa mitaani katika miji mitatu ya Afrika: Bukavu, Accra na Harare, ukisimamiwa na Chuo Kikuu cha Dundee pamoja na shirika la StreetInvest. Katika kila mji vijana 6 waliokuwa wakiishi mitaani walifundishwa kazi ya utafiti, na kila mmoja akafuatilia maisha ya kundi la wenzake. Hawakuingia mtaani kwa gari na kutoka kabla ya giza. Walilala na kuamka huko huko. Waliyoyaeleza juu ya mahali pa kulala, chakula, urafiki na jinsi wanavyopambana na watu wa serikali, mtu wa ofisini hangeweza kuyapata kwa hojaji ya siku moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kaskazini ya Uganda, pamoja na Sierra Leone na Liberia, kina mama vijana 658 walishiriki katika mradi wa miaka ya 2006 hadi 2009. Wengi wao walikuwa wamerudi kutoka vikundi vya wapiganaji wakiwa na watoto. Mara nyingi mtu kama huyo huletewa msaada uliokwisha kupangwa: cherehani, mafunzo, hotuba. Hao walikaa katika vikundi, wakachagua wenyewe kazi za kufanya, na wakashiriki kueleza ni kwa dalili gani watajua kwamba maisha yao yamepata nafuu. Kwa mama aliyerudi kutoka msituni, kukubaliwa na majirani na mtoto wake kutotukanwa ni kipimo kikubwa kuliko cheti cha ushonaji.

Tangu mwaka 2011 Uganda ina pia mpango wa U-Report, ulioanzishwa na UNICEF, ambamo kijana hujibu maswali kwa ujumbe mfupi wa simu bila malipo. Njia hiyo ni nyepesi na huwafikia wengi kwa siku moja. Hata hivyo, haiwafikii wasio na simu, nao aghalabu ndio wadogo na maskini zaidi. Simu haiwezi kuchukua nafasi ya mtu anayeketi na kusikiliza.

KIPIMO KISICHODANGANYA

Kutokana na mifano hiyo tunaweza kukusanya kanuni chache za kupima mpango wa kuwalinda watoto, uwe wa shule, wa mtaa au wa kambi.

Kwanza, pima kabla ya kuanza. Asiyejua alikotoka hawezi kusema amefika wapi. Pili, mwulize mtoto yaliyompata, wala usimwulize tu kama ameupenda mpango. Mtoto aliyepewa soda na biskuti atasema ameupenda. Tatu, linganisha na mahali ambapo mpango haujafika, kwa maana hali yaweza kubadilika kwa sababu nyingine. Nne, swali liulizwe faraghani, na anayeuliza asiwe mwenye mamlaka juu ya anayeulizwa. Mwanafunzi hawezi kumshtaki mwalimu mbele ya mwalimu.

Tano, rudi baada ya muda. Katika makazi ya wakimbizi wa Kongo ya Rwamwanja, magharibi ya Uganda, vituo vya michezo na mafunzo kwa watoto vilipimwa miezi michache baada ya kufunguliwa, na faida ilionekana. Walipopimwa tena baada ya mwaka mmoja na nusu, tofauti kati ya watoto waliohudhuria vituo na wasiohudhuria haikuonekana tena. Kama wapimaji wangeridhika na mara ya kwanza, wangeondoka na habari njema isiyo kamili.

Sita, tazama nyumbani pia. Katika sehemu za Rubaga na Makindye, hapa Kampala, mpango uitwao SASA! ulipimwa kati ya 2007 na 2012 katika mitaa minane. Mpango huo haukuwa wa watoto. Ulihusu nguvu na ukatili kati ya mume na mke, ukiendeshwa na wakazi wa kawaida waliojitolea kuzungumza na majirani zao. Mwishoni, wanawake waliopigwa na waume zao katika mitaa iliyofuata mpango walikuwa pungufu kwa karibu nusu kuliko katika mitaa mingine, na watoto walioshuhudia ugomvi huo nao walipungua sana. Maana yake ni kwamba baba akimheshimu mama, mtoto naye amelindwa.

Saba, wasomee vijana matokeo. Wao ndio waliotoa habari, ni zao. Mpango unaochukua maneno ya vijana na kuyapeleka ng'ambo bila kurudi kuwaeleza, umewatumia kama mashamba ya kuvunwa.

KATIKA MASKANI YA ASKARI

Sasa tuyalete mambo haya nyumbani. Kambi na nyumba za polisi zina faida ambayo mitaa mingi ya Kampala haina: kuna mkuu anayejulikana, kuna utaratibu, na watu wanafahamiana. Zina pia udhaifu wake. Baba huenda kazini usiku au hupelekwa mbali kwa miezi, nyumba ni ndogo, wageni na ndugu hulala pamoja na watoto, na cheo huweza kumfunga mtu mdomo. Koplo ambaye binti yake amechezewa na mtu wa cheo cha juu hujiuliza mara mbili kabla ya kusema. Jambo hilo lisifichwe, maana ndilo linalowafanya watoto wengi wakae kimya.

Mkuu wa kambi atakaye kuwashirikisha vijana kwa kweli aweza kuanza hivi. Wachaguliwe vijana kadha, wavulana na wasichana sawa, na wachaguliwe na vijana wenzao. Wasiwe watoto wa maofisa peke yao. Wawe na mama mmoja au mwalimu mmoja wa kuwaongoza, mtu anayeaminika na asiye mnong'onezaji.

Liwepo sanduku la maoni, lenye kufuli mbili na funguo kwa watu wawili tofauti, lifunguliwe siku inayojulikana na wote. Sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa yule anayelalamikiwa ni pambo tu.

Mara moja kila muhula, watoto waulizwe maswali machache bila kuandika majina: Je, juma lililopita kuna mtu mzima aliyekupiga au kukuumiza? Je, kuna mahali katika kambi unapoogopa kupita? Je, kuna mtu aliyekugusa au kukuambia maneno yaliyokutia aibu? Je, ukipata shida unamjua mtu wa kumwambia? Je, mwenzako aliyesema, alisaidiwa? Vijana waweza kuyasambaza maswali hayo, kuyakusanya na kuhesabu majibu. Hesabu hiyo ibandikwe mahali pa wote, na ya muhula huu ilinganishwe na ya muhula uliopita. Ikiwa watoto 20 waliogopa kupita nyuma ya kantini, na baada ya taa kuwekwa wakabaki 4, hiyo ndiyo tathmini, tena haina gharama.

Ipo mipaka isiyovukwa. Vijana wasitumwe kumhoji mtoto aliyenajisiwa au kumpeleleza anayeshukiwa. Hiyo si kazi yao, na yaweza kuwahatarisha wao na kuiharibu kesi. Kazi ya kijana ni kumsikiliza mwenzake, kumwambia kwamba hana kosa, na kumpeleka siku hiyo hiyo kwa mtu mzima waliyemwamini. Kazi ya mtu mzima ni kumfikisha mtoto hospitali na kwa idara ya ulinzi wa watoto na familia, au kupiga 116. Asingoje kesho. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa zikianza kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayopotea hupunguza nguvu yake. Mtoto asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla ya kuonekana na daktari.

Tena wazazi wasikubali kupatana kwa siri. Kunajisi mtoto ni kosa la jinai. Halimalizwi kwa mbuzi wala kwa bahasha. Mzazi anayepokea fedha za mkosaji amemfundisha mtoto wake bei yake.

Kwa upande wa afande aliyeko kituoni, kipimo chake ni kile kile cha Luwero. Asiulizwe tu ameandikisha kesi ngapi, bali watoto wangapi kati ya hao wamepata msaada uliokamilika, na kwa siku ngapi. Mkuu wa kituo anayeiweka hesabu hiyo mezani kila mwezi atajua upesi mahali kazi inapokwama, na wananchi watajua kwamba 20 kati ya 529 haitarudi tena.

HITIMISHO

Watu wengine husema kwamba kuwapa vijana mizani ni kuvunja heshima ya wakubwa. Heshima ya mkubwa haivunjwi na swali la mdogo. Huvunjwa na jibu la uongo. Mzee aliye mwadilifu hana la kuhofia mtoto akiulizwa faraghani jinsi alivyolala jana. Tena kijana aliyezoea kusikilizwa kambini, akaona neno lake likileta taa mahali penye giza na sheria mahali penye dhuluma, kesho atakapovaa sare au kushika chaki atakuwa mlinzi asiyehitaji kusukumwa.

Basi juma la watoto litakapokuja tena na vitambaa vikatundikwa barabarani, ngoma zipigwe na hotuba zisomwe kama desturi. Lakini zikisha kusomwa, asimame kijana mmoja na karatasi ya hesabu mkononi, aeleze ni watoto wangapi waliopigwa mwaka jana na wangapi mwaka huu, wangapi waliosema na wangapi waliosaidiwa. Kisha mkuu wa mahali hapo, mbele ya wote, aseme atafanya nini kwa waliobaki.